Kocha Pasi, Mtu wa Kinyaa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wengine mliofika kwa sababu mnazozijua wenyewe, familia inaomba utulivu wa muda mfupi ili isomwe historia ya mpendwa wetu, mume, baba, babu na mwalimu wa mpira, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina moja tu la Kocha Pasi. Anayesoma ni mtoto wake wa kwanza, binti, ambaye amepewa kazi hii na mama yake kwa sababu, kama alivyosema mama, ana koo gumu na hasahau tarehe.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 1941, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, na mtoto aliyekulia kati ya sabuni ya mmoja na pasi ya mkaa ya mwingine hakuwa na njia isipokuwa kuwa mtu wa kinyaa. Dada yake mkubwa, ambaye yuko hapa mbele, anakumbuka kwamba akiwa na miaka minne aligoma kunywa uji kutwa nzima kwa sababu nzi alikuwa ameogelea kwenye kikombe cha jirani, si chake, cha jirani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1949 na kumaliza la nane Desemba 1956, katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, ambako ndiko alikojifunza kusoma, kuhesabu na kupiga mpira kwa miguu yote miwili. Mwaka wake wa mwisho alikuwa nahodha, na shule ilipoingia fainali ya wilaya mwalimu wa michezo alileta mamluki, mtu mzima mwenye mke, akavalishwa jezi na kupewa jina la mwanafunzi aliyekuwa anaumwa surua. Marehemu alimtazama yule mtu, akamtazama mwalimu, akasema, "Mwalimu, huyu mwenzetu ana ndevu kuliko wewe." Alichapwa viboko sita mbele ya timu, akavua jezi, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa na baba yake, akaiweka juu ya benchi na kwenda nyumbani. Shule ilichukua kikombe, na siku kilipozungushwa darasani ili kila mtoto akishike, yeye aliweka mikono nyuma na kusema kinanuka jasho la mtu mzima.

Tarehe 4 Machi 1957 aliajiriwa katika karakana ya reli akiwa mwanafunzi wa ufundi wa kuchonga vyuma, na Jumamosi yake ya kwanza akaingia kwenye timu ya karakana. Hapo ndipo alipopewa jina, kwa sababu mbili zilizokutana mahali pamoja, kwanza kaptula yake ilikuwa na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate, pili hakuna aliyejua kutoa pasi kama yeye, na mashabiki walipopaza sauti "Pasi! Pasi!" hakuna aliyejua kama wanasifu mguu au nguo. Alichaguliwa timu ya taifa tarehe 12 Mei 1962, akaichezea michezo ishirini na mitatu, akafunga magoli tisa, ambayo mwenyewe alikuwa akisema ni saba, kwa kuwa mawili yaligonga watu.

Tarehe 18 Agosti 1966 alisafiri kwenda ng'ambo, katika mji wa wachimba makaa ya mawe, akiwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kabisa kutoka kwetu kuajiriwa huko kwa ajili ya mpira. Alipanga chumba juu ya duka la viatu, chenye dirisha moja lililofunguka nusu, na asubuhi masizi yalikuwa yameshakaa kwenye kola ya shati alilolianika usiku. Masizi aliyazoea. Ambalo hakulizoea ni jukwaa la upande wa mashariki, ambalo kila alipogusa mpira lilitoa sauti za wanyama na kurusha maganda ya ndizi, watu wazima wenye kofia na miwani, wengine wamewapakata watoto wao. Hakuwahi kuwajibu kwa neno wala kwa ishara. Siku moja aliinama, akaokota ganda moja kwa ncha za vidole viwili, akalipeleka hadi pembeni na kumkabidhi mshika kibendera, akamwambia, "Mmoja wa watu wako amedondosha chakula chake." Mshika kibendera alibaki amelishika hadi mapumziko, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kulitupa. Jioni hiyo marehemu alinawa mikono mara tatu, na katika barua aliyomwandikia mchumba wake alisema haoni hasira, anaona kinyaa, na kwamba hasira ingekuwa nafuu, maana hasira huisha.

Mchumba huyo, mwalimu wa watoto wadogo, ndiye aliyefunga naye ndoa tarehe 27 Desemba 1969 alipokuja likizo, na ndiye mjane aliyeketi hapa leo. Walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa 1972, mwana wa kiume aliyezaliwa 1975, na kitinda mimba, ambaye naye ni binti, aliyezaliwa 1980 na ambaye mpaka leo anaitwa Nyongeza, kwa sababu alikuja wakati refa alishapiga filimbi.

Goti lake la kulia lilivunjika tarehe 6 Novemba 1971. Halikuvunjwa na mpinzani, lilivunjwa na daktari wa klabu aliyelichoma sindano ya ganzi wiki tano mfululizo ili acheze bila kusikia maumivu, na siku lilipokatika daktari huyohuyo aliandika kwamba mchezaji alificha hali yake. Marehemu hakukata rufaa. Alirudi darasani akiwa na magongo, akapata cheti cha ukocha tarehe 30 Juni 1974, akaanza na vijana, na mwaka 1979 akakabidhiwa timu ya mji mdogo iliyokuwa mkiani mwa daraja la tatu, akaipandisha hadi la pili.

Mwenyekiti wa timu hiyo alikuwa mwenye machinjio, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya machinjio yenyewe, kwa hiyo aliyeitwa ofisini alipanda ngazi huku ameziba pua. Tarehe 2 Mei 1986, siku moja kabla ya mchezo wa mwisho wa msimu, marehemu aliitwa huko, akaambiwa kwamba timu ya kesho ni ya shemeji wa mwenyekiti, kwamba ikipoteza itashuka daraja, na kwamba wao hawapungukiwi kitu wakifungwa goli moja au mawili.

"Kocha, usikunje uso," mwenyekiti alimwambia, "mpira ni mchezo tu."

"Basi tuucheze," marehemu akajibu, akashuka ngazi.

Walishinda tatu bila, na Jumatatu akakuta barua ya kufukuzwa kazi imepenyezwa chini ya mlango, ina alama ya kidole cha damu ya ng'ombe pembeni. Mkewe alimwambia aitunze, huenda ikahitajika kwa mwanasheria, naye akaishika kwa koleo la jikoni na kuitia motoni, akisema nyumba yake si bucha.

Ndugu waombolezaji, sehemu inayofuata inasomwa polepole, kwa kuwa ndiyo ambayo imeandikwa vibaya mahali pengi.

Januari 1987 katibu wa chama chetu cha mpira alimfuata huko ng'ambo, akaketi sebuleni kwake, akamwambia taifa linamlilia. Marehemu alihamisha familia nzima, akaanza kazi tarehe 2 Februari 1987. Kambi ya timu ya taifa aliikuta kwenye bweni la chuo kilichofungwa, wachezaji wawili kwa kitanda kimoja, vyoo vinne na vitatu kati yake vimefurika, huku viongozi wakilala hotelini kwa kisingizio cha vikao. Wiki ya kwanza kocha wa taifa hakufundisha mpira. Alivua saa, akakunja suruali, akachukua ndoo na fagio gumu, akazibua vyoo yeye mwenyewe, na mchezaji mmoja alipomwambia, "Kocha, hiyo si kazi yako," alimjibu, "Na wewe si kazi yako kucheza mpira ukiwa umebanwa." Wachezaji walicheka, kisha mmoja mmoja wakachukua ndoo. Timu hiyo, iliyoanzia chooni, ilifika hatua ya mwisho ya kufuzu, ikabakiza mchezo mmoja wa ugenini.

Ijumaa ya tarehe 11 Machi 1988, saa kumi na mbili asubuhi, timu ilikusanyika uwanja wa ndege. Orodha ya abiria ilipoletwa, marehemu aliona majina matatu yamekatwa kwa kalamu nyekundu, ya beki mmoja, ya winga mmoja, na ya kipa wa akiba, kijana wa miaka ishirini na miwili, ingawa kila mtu pale alijua kwamba kipa wa kwanza amefungwa bandeji bega zima. Nafasi hizo zilikuwa zimepewa mke wa katibu, shemeji wa mweka hazina, na mtu aliyeandikwa mshauri, ambaye mpaka leo haijulikani alimshauri nani. Mke wa katibu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kusubiria, na mabegi matatu matupu ya kununulia vitu yapo miguuni pake.

Binti wa marehemu, huyu anayesoma, aliyekuwa amekwenda na mama yake kumsindikiza, alisimama hatua nne kutoka hapo na alisikia kila neno.

"Katibu, tunakwenda kucheza bila kipa?"

"Kipa si yupo?"

"Yule hawezi kuinua mkono hata kuchana nywele."

"Pasi, usinivunjie heshima mbele za watu. Orodha imeshapita. Labda umpe kiti chako."

Katibu alisema hayo kwa kejeli, akageuka kumtafuta mpiga picha. Marehemu alisimama kwa muda wa mtu anayekunja shati, kisha akaenda kwa karani wa kaunta, akaomba jina lake likatwe na la kipa wa akiba liandikwe juu yake, karani akafanya hivyo, akagonga muhuri na kumpa nakala. Beki na winga walirudi kambini kwa miguu. Kipa aliitwa, akakimbia na begi lake, akapanda ndege, na hakuambiwa kitu, kwa sababu marehemu alisema kijana akijua amekalia kiti cha kocha atadaka mpira huku anatetemeka.

Timu ilifungwa tano kwa moja siku ya Jumapili, marehemu akisikiliza redioni, bila mtu hata mmoja kwenye benchi anayejua nani atoke nani aingie. Jumatatu redio ilimnukuu katibu akisema kocha alilewa na kukimbia timu asubuhi ya safari. Wanaomfahamu marehemu wanajua kwamba hakuwahi kuonja pombe, si kwa uchamungu, bali kwa sababu hakuvumilia harufu yake kwenye kinywa cha mwingine, sembuse chake. Tarehe 5 Aprili 1988 alifungiwa maisha kujihusisha na mpira nchini, kwa barua ya mistari minne yenye makosa matatu ya tahajia.

Jumamosi iliyofuata, nje ya duka la madaftari, marehemu akiwa na mkewe na binti yake alikutana na kipa yule wa akiba. Kijana alimsogelea karibu kabisa, akamwambia, "Ulituuza," akatema mate, yakatua juu ya kiatu cha kulia. Binti aliruka kumvamia, baba yake akamshika mkono. Mkewe alisema, "Mwambie basi. Mwambie sasa hivi." Marehemu alitoa leso, akafuta kiatu, akaikunja leso uchafu ukiwa ndani, akangoja kijana aondoke ndipo akasema, "Mate ya kijana hayana sumu. Sumu anayo aliyemlisha. Na mimi nikianza kujisafisha barabarani, nitafanana nao." Binti yake hakukubaliana naye siku ile, na kwa heshima zote hakubaliani naye hata leo, maana ukimya wa mtu safi ndio godoro la wachafu.

Septemba 1988 familia ilirudi ng'ambo, na kwa miaka kumi na minane marehemu alifundisha mpira wasichana wa shule na vijana wa mtaa katika uwanja ulioinama upande mmoja, hadi alipostaafu tarehe 9 Juni 2006 na kurudi nyumbani kabisa. Mwaka 2014 chama cha mpira kilimwita kwenye sherehe ya kuwaenzi wachezaji wa zamani, akavaa suti, akapewa kikombe. Aliporudi kwenye kiti alikigeuza kwenye mwanga, akaona jina lake limechongwa juu ya maandishi yaliyokwanguliwa nusu, na chini yake bado yanasomeka maneno "Bingwa wa Kuvuta Kamba". Alinyanyuka, akakiweka juu ya meza kuu mbele ya mgeni rasmi na kusema kwa upole, "Mrudishieni mvuta kamba kikombe chake, atakuwa anakitafuta."

Marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo tarehe 17 Februari 2023, na tangu hapo alipelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, jambo ambalo alilitania akisema hatimaye amepata watu wenye kinyaa kama chake, wanaomfua hadi ndani. Tarehe 23 Januari 2024 alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, wakati dereva wa lori la maji, mwanamume wa miaka hamsini na minane, alipoingia kumwona jirani yake, akamwona marehemu, akageuza uso na kutoka. Binti alimtambua kwa mabega. Alimfuata hadi kwenye korido, akafungua mkoba, akatoa ile nakala yenye muhuri ambayo mama yake alikuwa ameihifadhi kwa miaka thelathini na sita na kumkabidhi baba alipoanza kuugua, akamwambia, "Wewe ulimtemea mate baba yangu. Soma."

Dereva aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi chini sakafuni, watu wanampita na machela, na alipoulizwa kama anaumwa akasema, "Ndiyo." Kisha akainuka, akanawa uso kwenye sinki la wauguzi, akaingia wodini na kusimama miguuni mwa kitanda.

Marehemu alivuta shuka likanyooka. "Lile goli la tatu," akasema, "ulitoka golini mapema."

"Nani angeniambia, Kocha? Wewe hukuwepo."

"Ndiyo maana nakwambia leo. Kaa."

Alikaa. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa tangu siku hiyo hadi mwisho, akamnyoa, akambadilishia mashuka kwa jinsi marehemu alivyotaka, bila mkunjo hata mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa amemshika mkono Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, saa nne na robo asubuhi, pumzi ilipokata. Marehemu alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili, amebakiza mwezi mmoja na siku chache kutimiza themanini na mitatu. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na dada mmoja.

Jana jioni wajumbe wawili wa chama cha mpira walifika nyumbani na mpiga picha, wakaleta historia nyingine ya marehemu, imechapwa vizuri kwenye karatasi nene, inayosema kwamba mwaka 1988 aliacha kazi kwa hiari yake kwa sababu za kifamilia, wakaomba isomwe hiyo, na mwili upitishwe uwanja wa taifa ili wananchi waage. Mjane aliisoma yote, akaomba kalamu nyekundu, akakata mstari huo, akawarudishia. Kuhusu uwanja, aliwauliza kama ile adhabu ya maisha imefutwa, mmoja akasema faili halijapatikana. "Basi mtamwingizaje?" mama akawauliza, na wakaondoka bila kunywa chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kunawa mikono mara mbili kila alipoombwa na mgonjwa, bila kununa. Inawashukuru majirani waliofunga maturubai na kuchota maji, mafundi wastaafu wa karakana ya reli waliochonga msalaba huu wa chuma bila kuombwa, wasichana wa zamani wa ule uwanja ulioinama, ambao sasa ni akina mama, waliotuma salamu kutoka ng'ambo, na beki na winga waliorudi kambini kwa miguu asubuhi ile, ambao leo nao wamefika kwa miguu. Viongozi wa chama waliopo, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba wakati wa kunyanyua jeneza wabaki walipoketi, waliopangiwa kazi hiyo wanatosha.

Baba, umeishi na watu kama walivyo, na hukuwapaka rangi, na hukujipaka. Wanao tumechoka na wachafu, lakini kwako hatukuchoka. Pumzika kwa amani.